Barua ya wazi kwa mpwa aliyenunua Landrova ya wagonjwa

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha za Landrova uliyoipata mnadani zimefika: mbele, ubavuni, msalaba mwekundu uliofifia, hata kiti cha muuguzi. Ya uvunguni sikuiona hata moja, na nasikia umeshaanza kuulizia bei ya rangi. Rangi iache kwanza. Barua hii naiweka hadharani kwa sababu magari ya aina hiyo bado yapo mengi, yameegeshwa chini ya miembe kwenye nyua za hospitali, na wanaoyanunua huanzia hapo hapo ulipoanzia wewe.

Hiyo ni Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, aina ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Bodi yake ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, na ndiyo inayowadanganya wanunuzi. Gari linang'aa juu huku chesisi, ambayo ni chuma kitupu, imekwisha.

Siku ya kwanza usishike spana. Shika nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, lipandishe gari juu ya stendi nne, lala chini, kisha gonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa huitika kwa sauti nzito, kama mtungi uliojaa maji. Penye sauti hiyo sukuma bisibisi, ikipenya, pameoza. Anza na boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale chesisi inapopanda kuvuka ekseli ya nyuma, maana tope hulala hapo. Kutu ya chesisi hii hutokea ndani kuja nje, kwa hiyo tundu dogo kama shilingi huwa ni mlango wa pango.

Fundi atataka kubandika bati juu ya tundu. Mkatalie. Kateni mpaka mfike kwenye chuma kizima, wekeni bamba la milimita 2 au 3, mchomelee ukingo wote. Kabla ya kukata chochote pimeni chesisi kwa mshazari, kona hadi kona, mwandike vipimo vyote viwili. Msikate pande mbili kwa wakati mmoja, la sivyo chesisi itajikunja na gari litakwenda upande kama kaa. Tangi la petroli litoke kabisa, na usimwamini anayesema limeshakauka: tangi tupu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke. Chomoa betri na waya za oltaneta, ile inayochaji betri, pia. Na namba ya chesisi imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye mkono unaoshika springi. Grainda isipite hapo. Namba ikifutika, utajieleza sana mbele ya watu wa usajili.

Baada ya chesisi, tazama ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, hasa sakafu ya miguu na nguzo za milango. Milango yenyewe ina fremu ya chuma iliyofunikwa aluminiamu. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Kila zinapokutana tenganisha kwa praimeri na tepu ya mpira. Gari la wagonjwa lina adui wa ziada: limeoshwa sakafu miaka na miaka kwa maji yenye klorini, na klorini hula aluminiamu. Ng'oa reli za machela, fungua sakafu yote. Uchafu ulio chini yake hutaupenda.

Sasa breki, ambazo kwangu ndizo gari lenyewe. Ngoma za breki ni za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili. Nunua silinda mpya zote, usibadilishe raba tu, kwa sababu mafuta ya breki hufyonza maji na maji huchimba vishimo kwenye ukuta wa silinda; raba mpya juu ya vishimo itavuja baada ya miezi michache. Mipira mitatu inayopeleka mafuta magurudumuni ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, maana huvimba kwa ndani na breki ikakataa kuachia. Mabomba weka ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inchi 3/16. Mafuta ni DOT 4. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa: laini zake, yaani vipande vinavyosugua ngoma, huenda zina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Ukikuta shuu, yaani viatu vya breki vinavyobeba laini, zimelowa mafuta mazito, hayo si mafuta ya breki, yametoka kwenye ekseli yakapita sili ya habu, ile raba ya kuzuia mafuta katikati ya gurudumu. Watu wengi hubadilisha sili, baada ya mwezi inavuja tena, wakalaumu duka la spea. Tatizo ni ile pete ya chuma ambayo mdomo wa sili hukaa juu yake, imechimbika mfereji. Ibadilishe pamoja na sili. Shuu zilizolowa tupa, hazioshiki.

Kutoa hewa kwenye breki za 109 kumewatoa jasho wengi. Kaza kwanza rekebisho za shuu mpaka magurudumu yote yashike. Ndipo uanze na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, silinda kuu inayosukumwa na pedali, umalizie la karibu, kisha ulegeze shuu upya. Na hapa ndipo pesa ya kulifanya gari la kisasa iende kwanza: masta silinda ya njia mbili pamoja na sevo, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, kama za Series III za baadaye, ili bomba moja likipasuka bado ubaki na breki za upande mwingine. Mikanda ya viti pia, iliyofungwa kwenye chuma, si kwenye aluminiamu.

Umeme ni volti 12, hasi ndiyo ardhi, yaani ncha hasi ya betri hufungwa kwenye chuma cha gari. Oltaneta ya zamani ya Lucas 16ACR hutoa ampea 34. Ukiweka ya ampea 65, badilisha na waya mkubwa unaokwenda kwenye betri, uwe wa milimita za mraba 16, ama ule wa zamani utachemka. Taa kubwa mbili za wati 60 huvuta takribani ampea 10, na zote hupita kwenye swichi ndogo ya usukani. Weka relei mbili, swichi za sumaku zitakazobeba umeme huo, swichi ya usukani ipumzike. Kila taa ipewe waya wake wa ardhi hadi kwenye chesisi, kwa sababu viungo vya aluminiamu iliyoliwa havipitishi umeme vizuri. Nusu ya "magonjwa ya umeme" ya Landrova ni hayo tu.

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 iache. Najua utashauriwa uweke dizeli ya Toyota. Inawezekana, lakini giaboksi hii haikuundwa kwa nguvu hiyo, na utaanza kununua giaboksi. Pima vali, pengo ni milimita 0.25 zote. Ukikuta la vali za egzosi limepungua kila unapopima, viti vya vali, pale vali zinapokaa zikifunga, vinaliwa: petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda. Peleka kichwa cha injini karakana, wakuwekee viti vigumu. Boliti za kichwa, nyutoni mita 88. Moshi mweusi na sailensa (mwendo wa injini gari likisimama) isiyorekebishika ni kabureta ya Zenith iliyopinda uso. Isugue kwa msasa laini juu ya kioo, weka o-ringi mpya. Pointi, zile zinazokata umeme wa plagi ndani ya distributa, badilisha kwa mfumo wa kielektroniki, ila kwanza shika shafti ya distributa uitikise. Ikicheza, hakuna kielektroniki kitakachosaidia. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Ndani, machela moja ibaki na kabati la dawa libaki. Ukigeuza kuwa gari la kambi kabisa, utakuwa na Landrova kama nyingine zote. Msalaba mwekundu hauna budi kufutwa, kwa kuwa alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva na si ya gari binafsi. Taa ya bluu ivue uiweke kabatini, king'ora chomoa waya. Ukibadilisha matumizi ya gari, kadi nayo ibadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Rangi ikifika zamu yake, aluminiamu huanza na praimeri ya kung'ata, ile inayoishika metali yenyewe. Puti juu ya aluminiamu tupu itabanduka kama ganda la yai.

Nitumie picha za uvunguni. Kila ulipopitisha bisibisi, zungushia chaki kabla hujapiga.

Mjomba wako