Mwenza akifilisika, fungu lako halijapotea

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wakazi wenzangu wa Dodoma, hasa wanandoa waliojenga kwa mkopo wa benki, kwamba mahakama inapomtangaza mmiliki mwenza kuwa amefilisika, kinachokwenda kwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, ni fungu lake tu, wala si nyumba nzima. Hata hivyo rehani hubaki palepale, na aliyesaini mkopo pamoja naye anaweza kudaiwa deni lote.

Inaniuma kuona mke ameiacha ilani ya benki mezani bila kuifungua, ilhali Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa yake kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Aitafute nakala ya mkataba, aangalie kama sahihi iliyopo ni yake, kisha amwandikie mfilisi mapema akiomba kulinunua fungu la mumewe.

Mkazi wa Iyumbu,
Dodoma