Msimfokee anayecheza gemu, angalieni foleni ya kupakia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, wanachuo na wote wanaolipia intaneti ya nyumbani hapa Tabora. Mkutano wa video ukiganda saa mbili usiku, nyumba nyingi kuanzia Ipuli hadi Kanyenye hutoa hukumu moja: kijana aache gemu. Mara nyingi hukumu hiyo inamwangukia asiye na kosa. Kisha mwenye nyumba analipia kifurushi kikubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale.

Tuangalie hesabu. Gemu ya mtandaoni inapochezwa hutuma taarifa ndogondogo tu: mchezaji yuko wapi, amegeukia wapi, amepiga au hajapiga. Gemu nyingi hazifiki hata nusu megabiti kwa sekunde. Simu ya video ya watu wawili kwenye Zoom huhitaji takriban megabiti 0.6 kwa sekunde kila upande, au 1.2 picha ikiwa safi zaidi. Vyote viwili vinaenea kwenye laini ya megabiti 5 na nafasi ikabaki. Kinachoviharibu ni mzigo wa tatu usioonekana: simu inayopeleka picha na video Google Photos, kompyuta inayopakua masasisho ya Windows, au PlayStation inayoshusha toleo jipya la gemu lenye makumi ya gigabaiti. Simu nyingi zimewekwa zisubiri Wi-Fi ndipo zipakie picha. Kwa hiyo watu wakirudi nyumbani jioni, zote zinaanza kazi kwa pamoja.

Upande wa kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani, ndio mwembamba kuliko wa kupakua. Kifurushi kinachotangazwa kuwa cha megabiti 20 kinaweza kuwa na 2 au 3 tu za kupakia. Upande huo ukijaa, modemu hurundika data kwenye foleni badala ya kuitupa. Foleni ya kilobaiti 512 kwenye laini inayopakia kwa megabiti 2 huchukua sekunde 2 nzima kuisha, na sauti yako inasubiri mwisho wake. Ni kama mtoto mwenye kibaba kimoja cha mahindi kusimama kwenye mashine ya kusaga nyuma ya mtu mwenye magunia kumi. Mazungumzo yanayotakiwa kufika ndani ya milisekunde 150 hayawezi kuvumilia hilo, wala gemu haiwezi. Na kuongeza kasi ya kupakua hakugusi foleni ya kupakia hata kidogo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Unganisha kompyuta na ruta (kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani) kwa waya, fungua Command Prompt ya Windows, andika ping 8.8.8.8 -t na uangalie pingi, yaani milisekunde ambazo ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi, kwa dakika moja nyumba ikiwa kimya. Kisha anza kupakia video kubwa, huku vipimo vikiendelea. Ikiwa pingi ilikuwa 60 na sasa ni 700, umeikamata foleni. Ikiwa ilikuwa inarukaruka hata kabla ya kupakia, chanzo ni mnara au mtandao wa kampuni, na ruta haitakusaidia. Halafu ondoa waya, tumia Wi-Fi, na upime anwani ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1. Hapo isizidi milisekunde chache. Ikifika 100, tatizo liko ndani ya nyumba. Kuta za matofali ya kuchoma hunyonya mawimbi, hasa ya gigahezi 5, kwa hiyo anayekaa banda la uani avutiwe waya.

Sasa dawa. Wengi hufungua sehemu ya QoS, ya kupanga nani atangulie, kwenye ruta na kuipa PlayStation kipaumbele cha kwanza, au laptopu ya baba. Nasema wazi kwamba hilo ni kosa. Kifaa kilekile kinachocheza gemu ndicho kinachoshusha toleo jipya. Siku kikianza kushusha gigabaiti 50, kipaumbele ulichokipa kitaimeza nyumba nzima. Laptopu nayo, baada ya mkutano, itaanza kupakia faili kwa kipaumbele hichohicho. Kinachofaa ni kuweka kikomo cha jumla, kidogo chini ya kasi halisi, ili foleni ihamie kwenye ruta yako unayoweza kuisimamia, kisha kila kifaa kipewe zamu sawa.

Ruta ya kawaida yenye sehemu ya kikomo inatosha kwa kuanzia. Pima kasi ya kupakia kati ya saa moja na saa nne usiku, siku tatu au nne, chukua kipimo cha chini kabisa, na uweke asilimia 85 yake. Megabiti 2 zinakuwa kilobiti 1,700. Angalia kipimo kinachoombwa: kilobaiti moja ni kilobiti nane, na anayekosea hapo huweka kikomo kikubwa mara nane, kisichozuia chochote.

Anayetaka kazi kamili atafute ruta inayokubali OpenWrt (programu huru ya kuendeshea ruta), yenye RAM ya megabaiti 128 na hifadhi ya megabaiti 16. Sakinisha luci-app-sqm, chagua mlango wa WAN unaoelekea kwenye intaneti, jaza kasi mbili, ya kupakua na ya kupakia, kwa kilobiti, chagua cake, ambayo ndiyo msimamizi wa foleni, na piece_of_cake.qos. Kwenye chaguo za ziada andika nat dual-dsthost upande wa kupakua na nat dual-srchost upande wa kupakia. Maneno hayo ndiyo yanayogawa kwa kifaa. Yasipowekwa, mgawo unakwenda kwa kila muunganisho, na programu inayofungua miunganisho 30 inapata zamu 30. Ruta hiyo ikikaa nyuma ya ile ya kampuni, zima Wi-Fi ya ile ya kwanza. Simu moja tu ikibaki huko inapita nje ya mgawo, na kazi yote imepotea.

Kwenye laini ya 4G kasi hubadilika. Ukiweka kikomo cha megabiti 20 kwa kipimo cha asubuhi, kisha jioni mnara ukakupa 6, foleni inarudi kwenye mnara na cake haina la kufanya. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vya jioni.

Asiyetaka kugusa ruta azime upakiaji wa Google Photos jioni, Windows iwekewe kikomo cha kupakua, na Steam, duka la gemu za kompyuta, ipangiwe masasisho usiku wa manane. Kwenye Zoom zima picha ya HD. Laini ikiwa mbaya sana zima kamera kabisa. Sauti peke yake huhitaji chini ya kilobiti 100.

Vijana nao waelewe mpaka wa dawa hii. Seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, ikiwa Ulaya, pingi itazidi milisekunde 100 hata laini ikiwa tupu, kwa sababu data inasafiri maelfu ya kilomita kwenye nyaya. Chagueni seva ya Afrika Kusini pale gemu inaporuhusu.

Kampuni za intaneti ziandike kasi ya kupakia kwenye tangazo, kwa herufi sawa na ile ya kupakua, na ziache ukurasa wa QoS wazi kwenye ruta zinazotuuzia. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, izitake zifanye hivyo.

Fundi wa mitandao,
Isevya, Tabora