Taarifa za chanjo zitufikie kwa Kiswahili, tena kwa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nieleze jambo ninaloliona nikiwa kazini. Nina steshenari hapa Tandika, si mbali na soko. Natoa kopi, nachapa barua za kuombea kazi, najazia watu fomu za mtandaoni. Kwa kuwa kompyuta ina intaneti, watu huniuliza hata yasiyohusu steshenari. Kina mama wenye watoto wachanga wananiuliza sana kuhusu chanjo.

Miezi michache iliyopita alikuja binti mmoja, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Kesho yake mtoto alikuwa anatimiza miezi 9, yaani ni zamu ya sindano ya surua na rubela. Akaweka simu mezani ili nisikilize. Sauti ya mwanamume, dakika 11, Kiswahili kilichonyooka, anajiita daktari bila kutaja jina wala hospitali. Anasema sindano ile imeletwa ili watoto wetu wa kike wasije kuzaa. Juu ya ujumbe ipo ile mishale miwili, dalili kwamba ulipita mikono mingi kabla ya kuangukia kwenye kundi la kikoba chao. Karibu na mwisho "daktari" anatoa namba ya simu: anayo dawa ya kusafisha sumu ya chanjo, elfu 35 kwa dozi, na mikoani anatuma.

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshafanya lile ambalo sisi tunaojiona wajuzi huwaambia watu: achana na WhatsApp, nenda kwenye tovuti za kuaminika. Alikwenda kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Huko akakuta chanjo ya surua inatolewa mtoto akiwa na miezi 12 hadi 15. Sisi tunachanja miezi 9. BCG, ile ya kifua kikuu ambayo mtoto wa hapa hupewa anapozaliwa, haimo kabisa kwenye ratiba ya watoto wao. Surua yao imechanganywa na matumbwitumbwi, yetu haikuchanganywa. "Sasa baba," akaniambia, "kama ni kitu kizuri, mbona wao hawawapi watoto wao hivihivi?"

Mhariri, sikuwa na jibu. Kila alichosoma kule kilikuwa kweli, na bado kilimwongezea hofu, kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya mtoto wa Chicago. Halafu alikuwa amebonyeza kitufe cha kutafsiri. Wenye Kiingereza chao huita sindano na risasi kwa neno moja, basi ukurasa ukamwambia mtoto "apigwe risasi" akifikisha mwaka. Tulicheka wote hapo, angalau.

Nilimwomba asubiri, nikavuka barabara kwa mama mmoja mtaani kwetu, nesi mstaafu, aliyewachoma sindano nusu ya vijana wa huku. Nilipomwamkia na kumweleza, alikuja mwenyewe. Maelezo yake hayakufika dakika tano. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na kinga hiyo hupungua miezi ikisonga. Ukimchanja mapema mno, kinga ya mama huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Ukichelewa, surua humkuta hana kitu. Marekani surua ni adimu, wanaweza kusubiri. Huku hatuwezi: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. (Pigia hesabu daladala ya Mbagala saa 12 jioni.) Kwa hiyo tunachanja miezi 9 tukijua kwamba katika watoto 100, kama 15 hivi kinga haitawashika vizuri. "Ndiyo maana tunawaita tena miezi 18," akasema, "lakini nyie mkiona mtoto anakimbia, kliniki mmemaliza."

Kuhusu kuzaa hakuleta vitabu. Alimuuliza binti: "Mwaka 2014 ulikuwa darasa la ngapi?" La sita. Je, alikumbuka kuchomwa sindano shuleni mwezi wa kumi? Alikumbuka, na kwamba alilia. Ile ilikuwa kampeni ya surua na rubela kwa watoto wa nchi nzima, kuanzia miezi 9 hadi wasiotimiza miaka 15. Wasichana wa wakati ule ndio wanaojaza mabenchi ya kliniki leo, mikononi wamebeba watoto. Binti alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, kama aliyekuwa anatafuta miwani iliyo usoni mwake. Nesi akaongeza kwamba rubela ikimpata mama mwenye mimba changa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho au moyo wenye hitilafu. Hilo la rubela wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kopi walikuwa hawajawahi kulisikia.

Mambo hayo yote yapo mtandaoni. Ila ukiyatafuta kwa maneno yetu huyafikii. Wazee wengi huku huliita kovu la BCG begani "ndui". Mama mmoja aliandika "chanjo ya ndui mtoto mchanga" akaletewa habari za mpox (homa ya nyani), akarudi kwangu ametaharuki. Ndui yenyewe, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa katika mazingira ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, mpishi wa hospitali ya Merka, na mwaka 1980 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Neno limebaki mtaani, na mashine ya kutafutia haijui kwamba mama anamaanisha kifua kikuu.

Uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji (autism) nao umefika Tandika. Ulianzia kwenye andiko la Uingereza la mwaka 1998 lililohusu watoto 12 tu. Jarida lililolichapisha lililiondoa mwaka 2010, na daktari wake, Andrew Wakefield, akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa nchi hiyo mwaka huohuo. Mwaka 2019 Wadenmaki walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000 bila kuona uhusiano wowote. Sikutegemea kulizungumza hilo kando ya mashine ya fotokopi, lakini ndiko liliko.

Tangu siku ile, mtu akinionesha ukurasa namuuliza: nani mwenye tovuti? Nani anailipia? Imeandikwa lini? Na mwishoni, kuna kitu wanauza? Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mengine sikuyatunga. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2003 lina orodha ya tovuti za usalama wa chanjo zinazokaguliwa, na hujiunga zile zinazosema wazi ni za nani, zinagharimiwa na nani na zilihuishwa lini. Ni orodha nzuri. Lakini mama wa kikoba hatakwenda Geneva, yaliko makao ya shirika hilo, kuitafuta, na akienda atarudi na ratiba ya nchi nyingine.

Ninachowaomba wahusika wa afya si kampeni nyingine ya mabango. Ratiba yetu ina mistari sita: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18. Iwekwe kwenye ukurasa mwepesi usiomaliza bando, tarehe juu kabisa, kila mstari ukisema sindano ni ya ugonjwa gani kwa jina tunalolitumia: dondakoo, kifaduro, pepopunda, "ndui" na maelezo kwamba si ndui. Useme pia kitakachofuata. Homa ya chanjo ya surua mara nyingi huja baada ya wiki moja au zaidi, si usiku uleule. Mama asiyeambiwa hivyo akiona mtoto anachemka siku ya nane, atakayemweleza sababu ni yule wa dakika 11. Manesi siwalaumu; nimeona foleni zao.

Na ijibiwe sauti kwa sauti. Uvumi ukitoka Jumatatu, Jumatano tusikie daktari mwenye jina na kituo cha kazi akieleza kwa dakika mbili, tuurushe kwenye makundi yaleyale. Taarifa kwa vyombo vya habari yenye mhuri, iliyopigwa picha kwa kupinda, haisomwi na mtu. Mimi nazichapa, najua. Ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Itajwe kila mahali, maana kati ya kina mama niliowauliza mwezi uliopita, wanaoijua hawafiki watano.

Nanyi magazetini, Mhariri, mniwie radhi: kichwa cha habari kinachouliza "Chanjo yaua?" mtandaoni, kisha ndani kinajibu hapana, kimeshafanya kazi ya uvumi. Wateja wangu wanasoma kichwa tu. Mkiweza, ile mistari sita ichapeni kwenye kona moja kila mwezi. Nitaikata na kuibandika ukutani.

Binti alikwenda kliniki kesho yake. Wiki iliyopita alirudi akitaka kadi ya mtoto iwekewe laminesheni isichakae. Nilimkatalia. Ile nafasi ya miezi 18 bado iko wazi, na kalamu ya nesi haiandiki juu ya plastiki.

Mwenye steshenari,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam