Kelele za Chumba Kitupu: Barua kwa Rafiki

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio pamoja nawe. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, na natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Barua yako niliipokea na nimeirudia zaidi ya mara moja, hasa ile aya uliyoiandika kwa ukali kidogo, ukisema kwamba katika kanda za siri za Rais Richard Nixon yangetunzwa mazungumzo peke yake, na kwamba saa zote ambazo hakuna anayesema jambo la maana zingefutwa zamani ili watunza nyaraka wapumue. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji kuelezwa taratibu, nami katika hili sikubaliani nawe.

Kwanza niruhusu nikukumbushe jinsi mtambo ule ulivyowekwa, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Nixon alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1969, aliamuru vinasa sauti alivyoviacha mtangulizi wake, Lyndon Johnson, ving'olewe. Miaka miwili baadaye alibadili nia, na kufikia tarehe 16 Februari 1971 mafundi wa Secret Service, kikosi kinachomlinda Rais, walikuwa wamekwisha kufunga mtambo mpya katika Ofisi ya Oval, yaani ofisi ya kazi ya Rais, na katika Chumba cha Baraza la Mawaziri. Ofisini zilifichwa maikrofoni tano ndani ya meza yake na mbili karibu na meko, na katika chumba cha mikutano zikawekwa mbili chini ya ile meza kubwa, jirani na kiti cha Rais. Nyaya zilishuka hadi chini ya jengo, ambako mashine za Sony zilizungusha kanda nyembamba kwa mwendo wa polepole mno ili kanda moja itoshe saa nyingi. Ubahili huo wa kanda ndio uliozifanya sauti ziwe hafifu, na umewatesa wasikilizaji wote waliokuja baadaye.

Sasa angalia tofauti ya vyumba hivyo viwili. Katika Ofisi ya Oval mashine ilijiwasha yenyewe mara tu sauti iliposikika, ilimradi Rais alikuwapo. Utaratibu huo ulichaguliwa kwa sababu msaidizi wake mkuu, Haldeman, alijua kwamba bosi wake hakuwa na mkono mzuri kwa mashine, na kwamba angesahau kubonyeza. Katika Chumba cha Baraza la Mawaziri, kinyume chake, mtambo uliwashwa kwa mkono. Mwenye kazi hiyo alikuwa Alexander Butterfield, msaidizi mwingine wa Rais, kwa kutumia kitufe kilichokuwa kwenye simu ya mezani kwake. Vilikuwepo vitufe vingine mahali pa Rais, lakini Butterfield mwenyewe aliwaambia Maseneta waliomhoji baadaye kwamba, kwa kumbukumbu zake, Rais hakuwahi kuvishughulikia. Kwa hiyo siri kubwa ya serikali ilitegemea mtumishi mmoja mwenye shughuli chungu nzima akumbuke kuwasha kabla ya kikao na kuzima baada yake. Kuwasha si tatizo, kwa kuwa kikao kina saa yake na watu wanaingia. Kuzima ndiko kunakosahaulika, maana mkutano ukiisha kila mtu hukimbilia jambo linalofuata.

Ndiyo maana kanda za chumba kile zina mazungumzo ya mawaziri na pia zina chumba chenyewe. Idara ya Nyaraka za Taifa ilipofungulia umma mazungumzo yake mwaka 1997, yalifika saa 154, na katika fahirisi zao maneno yanayomaanisha kelele za chumba yanajirudia hadi jicho linazoea kuyaruka. Wewe unasema hapo ndipo pa kukata. Mimi nasema hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachosikiliza.

Jaribu siku moja kuvaa spika za masikioni na kuacha kanda iende bila kutafuta neno maarufu. Maikrofoni iliyofichwa chini ya mbao husikia kwanza kile kinachogusa mbao. Waziri aliyekaa mwisho wa meza anaeleza jambo zito na sauti yake inakuja kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, huku mwenzake aliye karibu akiweka kikombe juu ya kisahani, nacho kinalia kwa nguvu hata kumfunika. Mtu anapanga karatasi zake kwa kuzigonga pembeni, mara mbili, na sentensi nzima ya hotuba inapotea. Kisha kikao kinakwisha, viti vinaburutwa kwa pamoja, na sauti zinabadilika ghafla, kwa kuwa watu waliokuwa wakizungumza kwa zamu sasa wanazungumza kwa mkupuo, wakicheka kicheko ambacho hakikusikika walipokuwa wameketi. Mlango unafungwa. Mashine inaendelea kuzunguka, na unabaki na hatua za miguu za mtu ambaye hana haraka, kiti kinachorudishwa mahali pake, kisha kimya chenye mvumo wa umeme ndani yake.

Wewe na mimi tumeandika mihutasari ya vikao kwa miaka mingi, na tunajua jinsi muhtasari unavyosema uongo kwa adabu. Tunaandika kwamba wajumbe walijadili na kukubaliana, ilhali hatuandiki kwamba mjumbe mmoja alikaa kimya kwa makusudi, wala kwamba ajenda ya mwisho ilipitishwa kwa sababu watu walikuwa wamechoka na chai imepoa. Kanda haina adabu hiyo. Haijui lipi ni hoja na lipi ni kikohozi, kwa hiyo inabeba vyote viwili kwa uzito uleule, na msikilizaji ndiye anayelazimika kupima. Nikisikia karatasi zinafunuliwa kwa wingi wakati waziri fulani anazungumza, najua hakuna aliyekuwa akimsikiliza, na hilo halimo katika muhtasari wowote.

Huenda utaniambia kwamba huu ni ushabiki wa Nixon peke yake. La hasha. Rais Franklin Roosevelt aliwekewa mashine mwaka 1940, baada ya kukerwa na jinsi maneno aliyoyatoa katika mkutano na Maseneta yalivyonukuliwa nje. Maikrofoni ilifichwa ndani ya taa ya mezani, na lengo lilikuwa kupata nakala sahihi ya mikutano yake na waandishi wa habari. Hata hivyo, mara nyingine waandishi waliondoka na mashine ikabaki inafanya kazi, ikanasa mazungumzo ya faragha ambayo hayakujulikana hadi mwanahistoria mmoja alipokutana na rekodi hizo mwaka 1978. Naye John Kennedy, ambaye mtambo wake ulifungwa kiangazi cha mwaka 1962 na afisa wa Secret Service aitwaye Robert Bouck, aliwasha mashine mwenyewe kwa swichi zilizofichwa. Katika kanda ya tarehe 16 Oktoba 1962, siku alipoonyeshwa picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba, kabla wataalamu hawajaanza kueleza picha hizo, anasikika akizungumza na binti yake Caroline, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano. Mtoto anaondoka, kisha dunia inaingia katika siku kumi na tatu za hatari. Nani angekuwa na ujasiri wa kukata nusu dakika ile kwa hoja kwamba haihusiani na ajenda?

Na kuhusu kufuta, kuna mfano ambao nadhani ukali wako ulikusahaulisha. Katika kanda ya tarehe 20 Juni 1972, siku tatu baada ya wezi kukamatwa katika ofisi za chama cha Democratic, wapinzani wa Nixon, ndani ya jengo la Watergate, mazungumzo ya Nixon na Haldeman yamekatika kwa dakika kumi na nane na nusu, na mahali pake pamebaki mvumo tu. Mahakama ilipotaka kujua kilichotokea, jopo la wataalamu sita halikuwa na neno hata moja la kushika. Walichokuwa nacho ni kelele. Waliichunguza, wakapaka kanda kimiminika chenye chembe za sumaku ili alama zilizoachwa na mashine ya kufutia zionekane kwa macho, na mwaka 1974 wakatoa taarifa kwamba kanda ile ilifutwa kwa kubonyeza vitufe kwa mkono, si chini ya mara tano. Maneno yenyewe hayajapatikana hadi leo, na mwaka 2003 Idara ya Nyaraka ilikubali kwamba majaribio ya kuyarudisha yameshindikana. Lakini ushahidi kwamba kuna mkono uliofanya kazi ile ulitoka katika sehemu ya kanda ambayo wewe ungeiita tupu.

Hata hivyo, rafiki yangu, kuna jambo moja linalonisumbua, na hapa unaweza kunishinda ukitaka. Watu waliojua habari za mtambo ule walikuwa wachache mno: Nixon, Haldeman, Butterfield, mafundi, na wengine wa kuhesabika. Mawaziri hawakujua. John Ehrlichman, mmoja wa washauri wa karibu kabisa, hakujua. Sina huruma kubwa kwao, kwa kuwa walikuwa wakitumia mamlaka ya umma na wananchi walikuwa na haki ya kujua walivyoyatumia. Tena Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua tarehe 24 Julai 1974, kwa majaji wanane bila mpinzani, kwamba Rais atoe kanda alizodaiwa, ilisimama juu ya hitaji la ushahidi katika kesi ya jinai, na wiki mbili na siku chache baadaye Nixon akawa amejiuzulu.

Lakini je, yule aliyerudisha viti? Katika fahirisi za kanda za ofisini utakutana tena na tena na jina la Manolo Sanchez, mtumishi wa Nixon. Ameingia wakati usiojulikana, ameleta kinywaji, ametoka. Maneno yake ni machache, na Rais hamfichi kitu mbele yake. Yeye walau ana jina. Wengine waliopita katika chumba cha mikutano baada ya mawaziri kuondoka hawana hata hilo. Ni mlango, hatua, na sauti isiyosikika vizuri. Hawakuwa na siri ya taifa, hawakuamua lolote, na waliingia mle kufanya kazi yao wakiamini kwamba chumba hakina mtu.

Ukizisoma fahirisi hizo kwa makini utaona pia jinsi faragha ilivyogawanywa. Sheria iliyopitishwa mwaka 1974 kuhusu nyaraka za Nixon iliwataka watunza nyaraka watenge mambo ya kibinafsi yasiyohusu kazi ya urais, nayo yakarudishwa upande wa Nixon na familia yake. Kila kipande kilichoondolewa kimeandikwa namba yake, sababu yake, na urefu wake kwa sekunde. Ni kazi ya uangalifu wa kuheshimika, na watunza nyaraka walizuia pia vipande ambavyo vingewaaibisha watu wengine walio hai. Lakini Nixon alikuwa na mawakili waliopigana mahakamani kwa miaka mingi kuhusu kanda hizi, na kabla ya mawakili alikuwa na kitufe, hata kama hakukigusa. Mfanya usafi hakuwa na kimojawapo. Ninapomsikia akipita, najihisi kama mtu anayechungulia, jambo ambalo silihisi hata kidogo ninapomsikiliza Rais akiwatukana maadui zake.

Nimelifikiria hili kwa muda na bado sijashawishika kwamba jibu ni kufuta. Tukifuta, tutakuwa tumewatoa kwa mara ya pili watu ambao muhtasari uliwatoa mara ya kwanza, na historia ya chumba kile itabaki mali ya waliokalia viti peke yao. Ningependa zaidi waachwe walipo, wasikuzwe sauti na wasitafutwe majina, na kila fahirisi iseme waziwazi kwamba hapa wapo watu waliorekodiwa bila kuulizwa. Wewe uliyewahi kusimamia masijala utanieleza kama jambo hilo linawezekana katika kazi ya kila siku, au kama ni ndoto ya mtu ambaye anasikiliza tu na hapangi makabati.

Ukipata nafasi ya kuzisikiliza, tafadhali usianze na ile kanda ya tarehe 23 Juni 1972 iliyomwangusha Nixon, ambamo anasikika akikubali uchunguzi wa Watergate uzuiwe, kwa sababu hiyo wote tunaijua na utasikia tu kile unachokitarajia. Chukua kikao chochote cha kawaida cha Baraza la Mawaziri, kile cha bajeti au cha bei za bidhaa, na ukiache kiende hadi baada ya mlango kufungwa. Kisha uniandikie ulichosikia, na uniambie ni wapi hasa ungepitisha mkasi.

Nakutakia afya na kazi njema. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.