Huyo mliyemwita mbunifu

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa. Ile habari yenu ya malori chakavu ya jeshi yanayotoa magogo huku Mufindi, na picha ya fundi kakalia bampa anachekelea, eti mbunifu. Mbunifu wa nini?

Malori yenyewe ni Bedford RL, na hiyo ilitoka Uingereza na injini ya petroli, silinda sita, lita 4.9. Injini imekufa, mtu kapachika ya dizeli ya Fuso. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni namna inavyokalishwa. Raba za mauntingi, zile zinazokalia injini juu ya chesisi, si urembo. Lori la porini chesisi yake hujisokota kila tairi linapoingia shimoni, na raba ndizo zinazoumeza msokoto huo usifike kwenye injini. Fundi wenu anakata kipande cha tairi kuukuu, anatoboa, anapiga boliti. Boliti ikikosekana anachomelea mguu wa injini palepale kwenye chesisi, lete hela.

Masika ya mwaka juzi nilikodi moja kutoa mbao zangu. RL injini yake imo ndani ya kebini, katikati, na mimi ndiye niliyekalia kifuniko chake, dereva huku, utingo kule. Tangu linawashwa meno yalikuwa yananigongana. Kufika kwenye kilima, dereva kaachia klachi kwa gia ya kwanza, injini ikanyanyuka upande mmoja kama ng'ombe anayeamka, pale palipochomelewa pakaachia, feni ikala rejeta, na maji ya moto yakapenya ukingo wa kifuniko yakanimiminikia gotini. Kovu ninalo. Badala ya pole naambiwa, "Mzee, hii kawaida yake," kisha dereva anavuta mnyororo chini ya kiti. Mnyororo ulikuwa tayari! Akaifunga injini kama mbuzi wa mnadani, tukaendelea.

Tukiwa tumekwama utingo alitandaza matawi ya misindano barabarani na mawe juu yake. Tulipoondoka, mawe yakabaki. Hivi huwa yanaachiwa nani? Mwenye bodaboda wa usiku?

Ushauri wangu: kwenye kizuizi cha barabarani, wakaguzi wakishahesabu magogo, waweke glasi ya maji kwenye dashibodi, dereva akanyage mafuta. Yakimwagika, aitwe aliyechomelea, akalie kile kifuniko, lori literemke naye mlima Kitonga na mzigo wake wote. Avae kaptura.

Mnunuzi wa mbao,
Mafinga