Kaka, nikwambie habari za Ernie Davis

Kaka mambo vipi? Mi huku Syracuse, Marekani, niko poa, ila theluji haijatuachia bado. Juzi kwenye simu ulisema mpira wa Kimarekani ni watu kugongana tu, nikakosa jibu, na limenikaa moyoni wiki nzima ndo maana nakuandikia.

Kuna jamaa alisoma hapahapa chuoni, Ernie Davis, hadi leo kuna hosteli ina jina lake. Kazi yake ilikuwa kupewa mpira na kukimbia nao, na walimvalisha jezi namba 44 iliyokuwa ya Jim Brown, nyota mkubwa aliyemtangulia hapa chuoni, sasa we fikiria huo mzigo kwa kijana wa miaka 19! Msimu wake wa kwanza na timu kubwa, 1959, Syracuse hawakufungwa hata mechi moja, wakawa mabingwa wa vyuo nchi nzima. Mechi ya kufunga msimu ilipigwa Dallas, tarehe 1 Januari 1960, dhidi ya chuo cha Texas, jamaa anaingia msuli wa paja unamuuma lakini mapema tu anadaka pasi, anachanja mbuga hadi mwisho, yadi 87 kaka, karibu mita 80. Wakashinda 23-14 na yeye ndo mchezaji bora. Halafu kwenye dhifa ya tuzo wachezaji weusi wakaambiwa wakishapokea zawadi zao waondoke. Yaani mtu kakushindia uwanja mzima halafu unamnyima kiti mezani, mi hilo linaniuma mpaka leo.

1961 akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Timu za ligi ya kulipwa huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, na kwa msimu wa 1962 yeye akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa namba moja, timu ya Washington wakamchagua wakambadilisha na timu ya Cleveland, na huko Cleveland yupo Jim Brown mwenyewe! Wangekimbia pamoja hao wawili, kaka, dah.

Lakini kiangazi cha 1962 akakutwa na kansa ya damu. Akafariki tarehe 18 Mei 1963, ana miaka 23, ligi hakucheza hata dakika moja, na bado Cleveland wakaistaafisha jezi namba 45 waliyompa, asiivae mtu mwingine tena.

Amezikwa Elmira, mji aliokulia, kwa gari kutoka hapa ni kama saa moja na nusu. Ukija twende wote, mi sijaenda bado, nakusubiri wewe.