Developa wa chombo cha habari aulizwe kazi ya habari

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na mabosi wa vyombo vya habari, maana najua nao gazeti lako wanalisoma.

Mimi ni developa, natengeneza websaiti na app za simu, na hivi karibuni niliitwa intavyuu kwenye kampuni moja ya habari hapa Dar. Jina silitaji, kwa sababu wenzangu wakisimulia za kwao ni hayohayo. Naingia nakuta jopo ni watu wa IT na dada wa HR, mwandishi hata mmoja hakuna! Napewa maka peni naambiwa geuza mti wa binari hapo ubaoni, yaani mpangilio wa data unaogawanyika matawi mawilimawili, tawi la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, laptopu hakuna, na wao wamekaa kimya wananitazama. Swali lenyewe lilishalalamikiwa zamani, mwaka 2015 Max Howell aliyetengeneza Homebrew, programu ya kuingizia programu nyingine kwenye kompyuta, aliandika Twitter kwamba Google wamemkataa kwa sababu ya hilohilo, wakati mainjinia wao wengi wanatumia programu yake. Sisi ndo tumelibeba tukalileta kwenye chumba cha habari.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Mhariri amerusha kwamba kiongozi fulani amefariki, kumbe mzima. Anasahihisha fasta, kwake anaona iko sawa, lakini huko nje watu bado wanasoma msiba. Kwa nini? Kwa sababu websaiti isielemewe, nakala ya ukurasa inatunzwa kwenye seva za katikati na hata kwenye simu ya msomaji, kwa hiyo bila kuifuta ile nakala ya zamani marekebisho yako hayamfikii mtu, na ile notifikesheni iliyokwishaingia kwenye simu za watu ndo kabisa, inabidi utume nyingine ya kusahihisha na mjue mapema nani anaruhusiwa kubonyeza. Niulizeni hilo! Niulizeni usiku wa matokeo ya uchaguzi watu wote wanaingia kwa pamoja tunafanyaje, niulizeni picha ya mega sita imetoka kwenye kamera ikapandishwa vilevile, msomaji wa Tandahimba mwenye kabando ka jero anaifunguaje. Hapo mtajua kama naiweza kazi au siiwezi.

Na si kwamba vyumba vya habari havijui teknolojia. Django, zana ya kujengea websaiti ambayo Instagram imejengwa juu yake, ilianzia kwenye gazeti la mji mdogo wa Lawrence kule Kansas, Marekani, mwaka 2003, ikaachiwa bure kwa kila mtu 2005. Adrian Holovaty, mmoja wa wawili walioianzisha, alisomea uandishi wa habari. Walikuwa wanafanya kazi na waandishi, habari ikitokea ukurasa unatakiwa leoleo, ndo maana wakatengeneza kitu cha kujengea websaiti haraka. Kwa hiyo mhariri kukaa kwenye jopo la usaili si mapambo, ndiye atakayekupigia saa nane usiku.

Kilichoniuma zaidi ni ule mtihani wa kwenda nao nyumbani. Unaambiwa tengeneza app nzima ya habari, iwe na sehemu ya wahariri, notifikesheni, malipo ya simu, unakesha na bando lako na umeme wako, unatuma, halafu kimyaa. Hiyo ni kazi jamani, na kazi inalipwa. Kama mnataka kumpima mtu mpeni kitu cha masaa mawili matatu, mkitaka kikubwa zaidi lipeni hata posho, na mseme kwa maandishi kwamba alichotengeneza hamtakitumia bila makubaliano.

Na mtu asipopita mwambieni. Meseji moja tu ya kawaida inatosha, aache kusubiri simu yenu aombe kwingine.

Msomaji wako,
Mabibo, Dar es Salaam